Sura ya Nne: Unga wa San Jose

Mtu aliyefikishwa katika hospitali ya Santa Clara Valley, mjini San Jose, jimbo la California, mwezi Julai 1982 alikuwa na umri wa miaka 42 na alitokea mahabusu. Alikuwa macho lakini hasemi. Uso ulikuwa mkavu, hauna hofu wala hasira, na mate yalikuwa yakimtoka pembeni mwa mdomo. Ukimwinua mkono na kuuachia, ulibaki pale pale ulipouacha, hewani. Madaktari wa magonjwa ya akili walisema huyu ni wa mishipa ya fahamu, na wale wa mishipa ya fahamu wakasema ni wa akili. Kwa muda akawa mgonjwa wa kusukumiwa huku na huku, jambo ambalo yeyote aliyewahi kuuguza mtu katika hospitali kubwa atalielewa bila kuelezwa.

J. William Langston alikuwa mkuu wa idara ya mishipa ya fahamu hospitalini hapo. Yeye na mwenzake Phillip Ballard walipomkagua mgonjwa kwa utulivu, waligundua kwamba vidole vyake vilikuwa vikijongea kidogo sana, mjongeo ambao ungempita mtu mwenye haraka. Wakampa penseli na kumwekea karatasi chini ya mkono. Ilichukua muda mrefu, na kila herufi aliitoa kwa taabu. Alichoandika, kwa ufupi, ni kwamba hajui kimempata nini. Anajua vizuri anachotaka kufanya, ila mwili haumtii.

Ugomvi wa idara mbili ukaisha hapo. Akili ya mtu huyu ilikuwa nzima. Langston alipomkunja na kumkunjua kiwiko, mkono ulienda kwa vituo, ukikwama na kuachia, ukikwama na kuachia. Daktari yeyote wa fani hiyo anaijua alama hiyo. Ilikuwa ya ugonjwa wa Parkinson.

Tatizo ni kwamba haikuwezekana. Tangu James Parkinson, tabibu wa London, alipouandika ugonjwa huu mwaka 1817, kila aliyeuchunguza aliona tabia ile ile: huja polepole, kwa miaka, na kwa kawaida humkuta mtu aliyekaribia au aliyevuka miaka 60. Huanzia upande mmoja. Kidole kinatetemeka mkono ukiwa umetulia, kisha hatua zinafupika, kisha kuinuka kitini kunakuwa kazi. Mwaka 1960 Oleh Hornykiewicz, akifanya kazi Vienna, alionyesha kinachokosekana: ubongo wa wagonjwa hawa una upungufu mkubwa wa dopamini, kemikali inayotengenezwa na seli za sehemu ndogo iliyo ndani kabisa ya ubongo, yenye rangi nyeusi, inayoitwa substansia nigra. Seli hizo zinapokufa, mwili unapoteza wepesi wa kuanza na kuendeleza mwendo. Hilo lilijulikana. Kinachoziua hakikujulikana, na wengi walikuwa wamekata tamaa ya kukijua. Sasa mbele ya Langston alikuwepo mtu wa miaka 42 aliyefikia hatua ya mwisho ya ugonjwa huo kwa siku chache tu.

Ikagundulika kwamba mwanamke aliyekuwa na uhusiano na mgonjwa huyo naye yuko katika hali ile ile. Kisha Ballard akakutana na daktari mwenzake, James Tetrud, aliyekuwa akitibu ndugu wawili katika mji wa Watsonville, kusini mwa San Jose. Nao walikuwa vijana, nao waliganda ghafla. Katika mazungumzo ya madaktari wawili, visa vilivyokuwa vimetengana vikawa kisa kimoja. Wagonjwa hawa hawakuwa na damu moja wote, wala kazi moja. Walichoshirikiana ni sindano: wote walikuwa watu wa kujidunga unga, na wote walikuwa wamenunua heroini mpya iliyokuwa imeingia mitaani.

Langston alifanya jambo ambalo watafiti wengi, wakilinda ugunduzi wao, wangelichelewesha. Aliita waandishi wa habari na kutangaza kwamba kuna unga mbaya unauzwa, na aliyeutumia ajitokeze. Tangazo lilileta wagonjwa zaidi. Lilileta pia kumbukumbu ya mtaalamu mmoja wa sumu aliyekumbuka kwamba aliwahi kusoma kitu kinachofanana na hiki, miaka michache nyuma.

Kitu chenyewe kilikuwa makala ya mwaka 1979 katika jarida la utafiti wa magonjwa ya akili, jarida ambalo daktari wa mishipa ya fahamu hana sababu ya kulifungua. Ilieleza habari za mwanafunzi wa kemia wa Maryland, mwenye miaka 23, aliyekuwa akijitengenezea nyumbani dawa ya jamii ya pethidini, ile ile sindano ya maumivu inayojulikana katika hospitali zetu. Mwaka 1976 alifanya haraka katika kuitengeneza, akajidunga, na baada ya siku chache akawa hawezi kujongea wala kusema. Alipofariki baadaye kwa sababu nyingine, ubongo wake ulifunguliwa na ile sehemu nyeusi ikakutwa imeharibika. Watafiti wa serikali ya Marekani waliomchunguza walijaribu kemikali zake kwa panya, lakini panya wakapona upesi wakaendelea na maisha yao. Uchunguzi ukaishia hapo.

Mara nyingi sayansi husimuliwa kama ushindi wa akili kali. Hapa, kwa maoni yangu, ilikuwa zaidi kazi ya watu waliokubali kusikilizana: madaktari wawili wanaozungumza habari za wagonjwa wao, mtaalamu wa sumu anayepiga simu, na mkuu wa idara asiyeona haya kuuliza mateja wamenunua nini na kwa nani.

Sampuli za unga zilipopatikana na kuchambuliwa, zilionyesha kemikali ile ile iliyomponza mwanafunzi wa Maryland. Jina lake refu halina haja hapa. Ulimwengu unaiita MPTP. Haikuwa dawa iliyokusudiwa. Ilikuwa takataka inayojitokeza pale mpishi wa dawa za magendo anapoharibu mapishi. Februari 1983 Langston, Ballard, Tetrud na mkemia Ian Irwin walichapisha katika jarida la Science taarifa ya wagonjwa wanne. Kurasa chache zile zilibadili fani nzima.

Wagonjwa walipewa levodopa, kidonge ambacho ubongo hukigeuza kuwa dopamini, na kwa muda mwili ukarudi. Walisema, wakala wenyewe, wakatembea. (Levodopa, niseme kwa kupita tu, si kitu cha maabara peke yake. Imo katika mbegu za upupu, mmea ule ule unaowatesa watoto kwa kuwasha, na waganga wa India wanautumia kwa watetemekao tangu zamani sana. Hii si ruhusa ya kumsagia mzee wako upupu. Kipimo chake hakishikiki, na dawa hii ikizidi inaleta balaa lake.) Balaa hilo liliwafikia wagonjwa wa San Jose mapema mno. Ndani ya miezi walianza kupata yale ambayo wagonjwa wa kawaida huyapata baada ya miaka: mwili unaopindapinda na kuchezacheza bila kutaka dawa ikiwa juu, na kuganda upya dawa ikiisha.

Langston angeweza kuishia hapo akiwa na jina lake. Badala yake alijenga maisha yake yote ya kazi juu ya swali lililotokana na ule unga: kama kemikali moja inaweza kuua seli hizi na kuziacha nyingine, inafanyaje? Mwaka 1988 alianzisha taasisi ya utafiti na tiba ya Parkinson huko huko California, kliniki na maabara vikiwa chini ya paa moja.

Jibu la swali lenyewe lilipatikana kwa kasi ya ajabu, kati ya 1983 na 1985, na si kwa mkono wa mtu mmoja. Kwanza, nyani na kima hawakuwa panya: walipodungwa MPTP waliganda kama binadamu, na ubongo wao ukaonyesha uharibifu pale pale. Pili, ikabainika kwamba MPTP yenyewe haiui. Inapenya kirahisi mpaka kwenye ubongo, na humo inakutana na kimeng'enya kinachoitwa monoamini oksidesi B, ambacho kazi yake halali ni kuvunjavunja kemikali za neva. Kimeng'enya hicho ndicho kinachoigeuza kuwa sumu kamili, MPP+. Tatu, sumu hiyo inafanana kiasi na dopamini, na seli zinazotengeneza dopamini zina milango maalumu ya kuirudisha dopamini ndani baada ya kuitumia. Milango hiyo haitambui tofauti. Ni kama familia inayompokea mizigo mwizi aliyevaa kama jamaa yao, ikamsindikiza mpaka chumba cha ndani. Seli jirani zisizo na mlango huo zinanusurika. Mwisho, ikishaingia, sumu inakwenda kwenye mitokondria, mahali seli inapotengenezea nguvu, na kuziba hatua ya kwanza ya mlolongo huo. Seli inakosa nguvu, inakufa.

Kila hatua ya mlolongo huu ilikuwa mahali pa kutilia kizuizi, na Langston alikuwa miongoni mwa wa kwanza kujaribu. Tayari ilikuwepo dawa, selejilini, inayokizima kile kimeng'enya. Kima waliopewa dawa za aina hiyo kabla ya MPTP hawakuugua. Basi, je, mgonjwa wa kawaida wa Parkinson, ambaye hajawahi kuuona unga, akipewa selejilini mapema, ugonjwa wake utapunguza mwendo? Tetrud na Langston walijaribu kwa wagonjwa 54, nusu wakimeza dawa na nusu kidonge kitupu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1989 yalisisimua: waliomeza kidonge kitupu walihitaji levodopa baada ya wastani wa siku 312, waliomeza selejilini baada ya siku 549. Jaribio kubwa zaidi, la wagonjwa 800, lilionyesha mwelekeo huo huo.

Kisha furaha ikapoa. Ilionekana kwamba selejilini inapunguza dalili zenyewe kidogo, kwa hiyo mgonjwa anajisikia nafuu na kuchelewa kuhitaji dawa nyingine, ugonjwa ukiendelea chini kwa chini kama kawaida. Kuzitenganisha kazi hizo mbili, kufunika dalili na kulinda seli, ndiko kulikowashinda watafiti wa wakati ule, na ndiko kunakowasumbua wa leo. Dawa nyingi zilizolinda ubongo wa kima dhidi ya MPTP hazikumlinda binadamu dhidi ya Parkinson.

Faida kubwa ya kima wale ilikuja kwa njia ambayo wapishi wa unga wa California wasingeweza kuiota. Mahlon DeLong na wenzake Hagai Bergman na Thomas Wichmann walitumia kima waliogandishwa kwa MPTP kupima umeme wa seli za ndani ya ubongo. Waliona kijisehemu kimoja, kiini cha chini ya thalamasi, kinafanya kazi kupita kiasi. Walipokiharibu, mnyama aliyekuwa ameganda akaanza kujongea. Hiyo ilichapishwa mwaka 1990. Huko Grenoble, Ufaransa, daktari wa upasuaji Alim-Louis Benabid alikuwa tayari anatuliza mitetemeko kwa kupitisha umeme kwenye ubongo kupitia waya mwembamba. Mwaka 1993 timu yake ilihamishia waya kwenye kijisehemu kile cha DeLong. Hadi leo maelfu ya watu duniani wanatembea na waya huo kichwani na betri yake chini ya ngozi ya kifua, na wengi wao hawajui kwamba njia yake ilipitia kwa mateja wa San Jose.

Wagonjwa wenyewe hawakusahauliwa. Wawili walipelekwa Lund, Sweden, ambako Anders Björklund, Olle Lindvall na wenzao walipandikiza seli changa za dopamini katika ubongo wao. Ripoti ya mwaka 1992 ilionyesha nafuu kubwa. Majaribio ya baadaye nchini Marekani kwa wagonjwa wa kawaida hayakufikia matumaini hayo, na baadhi ya waliopandikizwa walibaki na mijongeo isiyozuilika.

Kulikuwa na swali jingine ambalo MPTP ililifufua, na hili linatugusa moja kwa moja. Ile sumu ya mwisho, MPP+, inafanana sana kimuundo na parakwati, kiini cha dawa ya kuua magugu ambayo wakulima wengi wa Kenya na Tanzania wameijua kwa jina la Gramoxone. Je, Parkinson ya kawaida nayo inatokana na kemikali za mazingira? Mtafiti Caroline Tanner, aliyefanya kazi na Langston kwa miaka mingi, alilifuata swali hilo kwa njia mbili. Kwanza mapacha. Kutoka katika daftari la wanajeshi wastaafu wa Vita Kuu ya Pili, timu yake ilichunguza karibu wanaume 20,000 waliozaliwa pacha. Kama ugonjwa ni wa kurithi, mapacha wa kufanana wangeugua pamoja kuliko wasiofanana. Matokeo ya 1999: kwa walioanza kuugua baada ya miaka 50, hapakuwa na tofauti. Kwa walioanza mapema zaidi, urithi ulionekana wazi. Kisha, mwaka 2011, Tanner na wenzake waliripoti kwamba wakulima na watumiaji wengine wa viuatilifu nchini Marekani waliowahi kutumia parakwati walikuwa na hatari ya Parkinson mara mbili na nusu hivi ya wasioitumia. Umoja wa Ulaya uliiondoa sokoni mwaka 2007. Watengenezaji wanapinga kwamba inaleta Parkinson, na mahakamani kesi zinaendelea. Mimi nasema tu kwamba mtu anayebeba bomba la dawa mgongoni bila glavu wala kitambaa cha pua anastahili kuzijua habari hizi kabla mahakama hazijamaliza.

Wakati huo huo upande wa urithi nao ulikuwa unasonga mbele. Mwaka 1997 iligunduliwa jeni yenye hitilafu katika ukoo mmoja wenye asili ya Contursi, kusini mwa Italia. Jeni hiyo hutengeneza protini iitwayo alfa-sinuklini, na muda mfupi baadaye protini hiyo hiyo ikakutwa imejikusanya katika madonge yanayoonekana ndani ya seli za wagonjwa wa Parkinson, madonge ya Lewy. Hapo hadithi ya MPTP ilianza kuonyesha ufa. Ilipofika 1999 Langston na wenzake walichapisha uchunguzi wa ubongo wa watu watatu waliougua kwa MPTP na kufariki miaka kadhaa baadaye. Seli zilikuwa bado zinaendelea kufa, muda mrefu baada ya sumu kutoka mwilini, jambo la kutisha na la kufundisha. Lakini madonge ya Lewy hayakuwepo. Unga ule ulikuwa umeleta dalili za Parkinson bila kuleta Parkinson yenyewe.

Mtu mwingine angetetea ugunduzi uliompa jina. Langston alifanya kinyume. Mwaka 2006 aliandika katika jarida la Annals of Neurology kwamba kile tunachokiita Parkinson, yaani kutetemeka, kukakamaa na kupoteza wepesi, ni sehemu ndogo tu ya ugonjwa, ile inayojitokeza juu. Heiko Braak wa Ujerumani alikuwa ameshaonyesha kwamba madonge ya Lewy huonekana kwanza katika sehemu za chini za ubongo na zile zinazohusika na kunusa, na huifikia substansia nigra baadaye. Mgonjwa anaweza kupoteza harufu, kufunga choo kwa miaka, kupiga mateke na kupiga kelele usingizini akipigana na ndoto zake, muda mrefu kabla kidole cha kwanza hakijatetemeka. Dalili za mwendo hujitokeza pale zaidi ya nusu ya dopamini ya eneo husika imeshapotea. Kumsubiri mtu atetemeke ndipo aanze kupewa dawa ya kulinda seli, Langston alihoji, ni kuchelewa. Huyu ndiye aliyeufundisha ulimwengu kwamba kijisehemu kimoja kikifa ugonjwa mzima unaonekana. Miaka ishirini na kitu baadaye ndiye aliyesimama kusema kijisehemu hicho hakitoshi kuueleza. Kwangu mimi, makala hiyo ya pili inampa heshima zaidi kuliko ile ya 1983, kwa sababu ya kwanza aliletewa mlangoni na ajali, na hii aliiandika kwa hiari.

Mpaka ninapoandika, hakuna dawa iliyothibitishwa kuusimamisha ugonjwa wa Parkinson. Levodopa bado ndiyo nguzo ya tiba, pale inapopatikana, na kupatikana kwake kunaanza na mgonjwa kutambuliwa. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania na Uingereza, wakiwemo Catherine Dotchin na Richard Walker, waliwatafuta wagonjwa nyumba kwa nyumba katika eneo la watu wapatao 161,000. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yaliwataja wagonjwa 33, na zaidi ya robo tatu yao walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini. Wakati wenzetu wanajadili namna ya kuugundua ugonjwa kabla ya mtetemeko, kwetu hata mtetemeko wenyewe unapita ukiitwa uzee, au ukisingiziwa jirani. Ukimwona mzee wako mkono mmoja hauchezi anapotembea, mwandiko unazidi kuwa mdogo, sauti inafifia na uso haubadiliki hata akifurahi, mpeleke hospitali, umwambie daktari yote uliyoyaona, na uulize waziwazi kama ni Parkinson.